Theluji mpya imeanguka usiku kucha: mwanagenzi wa skii aende mlimani au abaki?

SWALI: Mimi ni mhasibu mjini Kisumu. Februari mwaka jana nilimtembelea dada yangu huko Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, nikajifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa kwenye buti, kwa siku tano katika kituo cha Brighton. Kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine niliweza kugeuka na kusimama bila kuanguka. Kisha theluji ikaanguka usiku kucha hadi kimo cha magoti, shemeji akatuamsha saa kumi alfajiri ili tuwahi lifti ya kwanza, yaani viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, na mambo yakaniharibikia. Niliegemea nyuma kama nilivyoshauriwa, mapaja yakawaka moto, skii zikazama, nikawa naanguka kila hatua, na skii moja ikapotea ndani ya theluji kwa muda mrefu. Kufikia saa nne nilikuwa nimekaa mkahawani, nimechoka hoi. Mwaka huu ninarudi. Siku kama hiyo ikitokea tena, niende au nibaki nyumbani? Nikodi skii pana? Na hatari yake ni ipi hasa? Shemeji anasema ndani ya kituo hakuna maporomoko ya theluji na kwamba theluji laini haimuumizi mtu, na watoto wa dada wananitania kwamba mtu wa Nyanza hana mwili wa theluji.

JIBU: Dada yangu, nenda. Siku ya theluji mpya ndiyo siku ambayo watu wa milima ile huomba ruhusa kazini na kuacha shughuli nyingine zote, na hakuna sababu ya wewe kuikosa baada ya kusafiri kutoka Kisumu hadi kule. Hata hivyo, usiende kwa ratiba ya shemeji wala kwenye miteremko ya shemeji. Kwa mtu mwenye siku tano za mafunzo, siku hiyo huwa nzuri kwa kuchagua mahali panapofaa na saa inayofaa, na kuwahi kiti cha kwanza cha lifti kuna faida ndogo sana kwako. Mimi hufundisha skii katika milima hiyo hiyo ya Utah, iitwayo Wasatch, na ninakuhakikishia kwamba yaliyokupata huwapata karibu wote wanaotoka kwenye njia zilizosawazishwa na kuingia katika theluji ya magotini siku hiyo hiyo. Hilo la mwili wa Nyanza liache kabisa. Philip Boit, mkimbiaji wa kutoka upande wa Eldoret, alianza kujifunza skii za nyika, za mbio ndefu badala ya kuteremka milima, nchini Finland mwaka 1996, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano. Kilichokuangusha ni mbinu, na mbinu hufundishika.

Nianze na ushauri wa kuegemea nyuma, kwa sababu ndio uliokuumiza zaidi. Kwenye njia iliyosawazishwa, skii husimama juu ya sakafu ngumu. Unailaza ubavu, ukingo wake wa chuma unakata theluji, nawe unageuka. Katika theluji mpya sakafu hiyo haipo. Skii huingia ndani ya theluji na kubebwa nayo, na kinachoibeba ni upana wake pamoja na mwendo wako. Fikiria mashua ya injini inapoondoka ufuoni Dunga: ikienda polepole hukaa chini majini, ikishika kasi huinuka na kuteleza juu ya maji. Abiria wote wakirundikana nyuma, pua huelekea juu, tezi huzama, injini huhangaika na nahodha hawezi kuigeuza vizuri. Ndivyo ulivyofanya kwa skii zako. Ulipoegemea nyuma, mikia ilizama, ncha zikakosa uzito wa kuzielekeza, na mapaja yakabeba mwili wote kana kwamba umeketi kwenye kiti ambacho hakipo. Hakuna paja linalostahimili hali hiyo kwa saa moja.

Mkao sahihi ni wa katikati. Mfupa wa muundi uguse ulimi wa buti kwa wepesi, vifundo vya miguu vikunjike, mikono iwe mbele ya mwili mahali unapoweza kuiona, na macho yatazame mbali badala ya kutazama ncha za skii. Ushauri wa kuegemea nyuma ulizuka enzi za skii nyembamba na ndefu; skii za siku hizi zimepindwa juu kwenye ncha ili ziinuke zenyewe. Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, ni kugawa uzito sawa kwa miguu yote miwili. Kwenye njia ngumu ulifundishwa kukanyaga zaidi skii ya nje unapogeuka, na hilo ni sahihi kule. Katika theluji nene, skii iliyokanyagwa zaidi huzama, nyingine hubaki juu, na mwili hupasuliwa njia mbili. Sogeza miguu karibu kidogo, kanyaga zote mbili kwa pamoja kana kwamba ni ubao mmoja, kisha inuka na ushuke kwa mdundo mmoja usiokatika. Usiulazimishe mgeuko, theluji itazigeuza skii ukiipa nafasi. Aidha, kama bado unapunguza mwendo kwa kuzipanua skii kama kabari, fahamu kwamba kabari haifanyi kazi ndani ya theluji nene, kwa kuwa kila skii hushikwa na kuvutwa upande wake. Hapo lipia somo la nusu siku na umwambie mwalimu waziwazi kwamba unataka kujifunza theluji mpya. Ni fedha nyingi, lakini zitakuletea faida kubwa kuliko vifaa vyovyote.

Sasa kuhusu mahali. Wanagenzi wengi hukosea kwa kuchagua mteremko mpole mno, wakidhani upole ndio usalama. Theluji yenyewe ni breki: palipo bapa sana itakusimamisha, na skii iliyosimama huzama. Kwa upande mwingine, mteremko mkali utakutia hofu, na hofu itakurudisha nyuma kwenye mikia. Tafuta njia ya wastani ambayo mwaka jana uliimudu vizuri iliposawazishwa. Halafu tumia siri moja ambayo wenyeji wanaijua: mashine hufanya kazi usiku, na mara nyingi theluji huendelea kuanguka baada ya mashine kupita. Matokeo yake ni sentimita kumi au kumi na tano za theluji laini juu ya sakafu iliyonyooka. Hiyo ndiyo shule yako. Unaelea, lakini ukikosea, sakafu iko karibu. Shuka hapo mara kadhaa, kisha ingia kingoni mwa njia, mahali mashine haikufika, ugeuke mara tatu au nne na kurudi kwenye njia. Migeuko minne mizuri ni mafanikio ya kweli, na atakayekuambia vinginevyo amesahau alivyoanza.

Tazama pia theluji yenyewe. Ukiwa kwenye kiti cha lifti, angalia chembe zinazotua kwenye mkono wa koti lako. Ukiona nyota za pembe sita zilizokamilika, matawi yake yakiwa mazima kama zimechorwa kwa sindano, ujue hewa ya mawinguni ilikuwa ya baridi inayofaa, upepo ni mdogo, na theluji iliyolala chini ina hewa nyingi ndani yake. Ukiona chembe zilizovunjika kama chenga za mchele, upepo umezisaga, na zikishalala zitashikamana na kuwa nzito. Utah imejaliwa theluji nyepesi kwa sababu mawingu ya kutoka Bahari ya Pasifiki hupita juu ya milima ya Sierra Nevada na jangwa la Nevada na kupoteza unyevu mwingi kabla ya kupandishwa ghafla na milima ya Wasatch. Mara kwa mara Ziwa Kuu la Chumvi nalo huongeza theluji kwa namna yake. Hata hivyo, dhoruba hazifanani. Ile inayoanza na joto kidogo na kumalizika kwa baridi kali huweka theluji nzito chini na nyepesi juu, na hiyo ndiyo ya kuombea. Inayoanza kwa baridi na kumalizika kwa joto huweka nzito juu ya nyepesi. Theluji ya namna hiyo hunasa skii, huchosha magoti, na ndiyo yenye hatari zaidi ya kuporomoka. Ukisikia asubuhi kwamba joto limepanda usiku, baki kwenye njia zilizosawazishwa bila kuona haya.

Kuamka saa kumi alfajiri kuna sababu yake, ila si lazima kwako. Barabara ya kwenda vituo vya Alta na Snowbird, inayopita katika bonde la Little Cottonwood, hufungwa mara kwa mara baada ya theluji kubwa ili wataalamu waangushe kwa baruti theluji iliyoning'inia juu yake, na foleni ya magari huwa ndefu hata pale inapofunguliwa. Barabara ya kwenda Brighton inapita bonde jirani, Big Cottonwood, nayo huwa na siku zake. Siku hizo gari lisilo na matairi ya theluji, minyororo au nguvu ya magurudumu manne huweza kuzuiwa mlangoni mwa bonde, kwa hiyo shemeji ahakikishe hilo usiku na kusoma taarifa za barabara kabla ya kuwasha gari. Ila hata wanaofika wa kwanza hawapati mlima wote. Lifti za juu huchelewa kwa sababu ya upepo au kwa sababu walinzi wa mlima bado wanafanya kazi ya baruti, na maeneo hufunguliwa moja baada ya jingine hadi mchana, pengine hadi siku inayofuata. Wale wenye haraka hukimbilia juu. Njia za wastani za chini hubaki na theluji yake kwa saa kadhaa. Mwache shemeji atangulie na rafiki zake, wewe ufike saa nne ukiwa umelala na kula vizuri.

Ukumbuke pia jua. Sisi wa Kisumu jua hutupitia utosini. Kule mwezi wa Februari hukaa upande wa kusini, nalo huwa chini. Miteremko inayotazama kusini huyeyuka kidogo mchana na kufanya ganda gumu jioni, wakati inayotazama kaskazini huhifadhi theluji laini kwa siku nzima au zaidi. Anza na ya kusini mapema, kisha uhamie kivulini. Kama theluji bado inaanguka na ukungu umefuta mpaka kati ya ardhi na mbingu, kaa karibu na mistari ya miti ili macho yapate alama ya kushika, na uvae miwani ya theluji yenye kioo cha manjano au waridi. Kukaa karibu na miti, nasisitiza, si kuingia ndani ya miti, na hapo ndipo ninapokuja kwenye hatari.

Shemeji amekosea katika mambo mawili. Ni kweli kwamba ndani ya mipaka ya kituo maporomoko ni nadra sana, kwa kuwa walinzi hupiga baruti na kupima theluji kabla ya kufungua eneo. Nadra si sawa na kutokuwepo. Mnamo Januari 2024 mtu mmoja alifariki katika poromoko ndani ya kituo cha Palisades Tahoe, California. Poromoko baya zaidi ni lile la bamba: tabaka lililoshikamana hulala juu ya tabaka dhaifu, kisha uzito wa mtu mmoja hulikata lote kwa mara moja. Mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na saa 24 hadi 48 baada ya dhoruba ndizo za kuogopwa zaidi. Njia ninazokupendekezea ziko chini ya nyuzi hizo. Kwa hiyo sheria yako ni nyepesi: usivuke kamba wala bango la kufunga eneo hata ukiona nyayo za wengine upande wa pili, na usipite lango la kutokea nje ya kituo. Huko nje hakuna aliyelinda mlima kwa ajili yako, na wanaokwenda huhitaji redio ya kutafutia aliyefukiwa, koleo, fimbo ndefu ya kudungia theluji wakati wa kumtafuta, mafunzo, na kusoma taarifa ya siku ya kituo cha maporomoko cha Utah. Hayo si ya mwaka huu.

Hatari ambayo watu hawaisikii, na ambayo inanitia wasiwasi zaidi kwa mtu kama wewe, ni shimo la mti. Misonobari ina matawi mazito yanayokaribia ardhi. Theluji inapoanguka matawi huizuia, na pembeni ya shina hubaki uvungu uliojaa theluji legelege isiyoonekana kwa juu. Mtu akiteleza na kuingia humo kichwa chini, theluji humfunika, na kila anapojitikisa nyingine humwagika kutoka matawini. Katika majaribio yaliyofanywa na watu wa kujitolea, takriban tisa kati ya kumi walishindwa kujitoa wenyewe. Mtu huyo hukosa pumzi kama anayezama majini, na wokovu wake ni mwenzake aliye karibu. Kwa hiyo usiingie mitini, na popote penye theluji nene nenda na mtu ambaye unamwona kwa macho, si mtu mliyeahidiana kukutana chini. Vaa filimbi shingoni. Ukihisi unaanguka kuelekea shina, kamata tawi au shina lenyewe na ujitahidi miguu ibaki chini. Ukiwa tayari umezama, weka mkono mbele ya mdomo upate nafasi ya hewa, tulia, na upulize filimbi. Mwenzako achimbe kuelekea kichwani kutoka ubavuni, asikuvute miguu, na awaite walinzi kwa nambari ya kituo ambayo mtakuwa mmeihifadhi katika simu kabla ya kupanda lifti.

Hilo la theluji laini kutomuumiza mtu pia si kweli. Haikuchubui, lakini hushika skii huku mwili ukiendelea kugeuka, na mwendo ukiwa mdogo vifungio vya buti huenda visiachie, kisha goti hulipa. Unapokodi vifaa, taja uzito wako, kimo chako na kiwango chako kwa ukweli mtupu, kwa sababu fundi hukaza vifungio kulingana na maelezo hayo. Ukisikia goti limelia, au likavimba siku hiyo hiyo, au likakosa nguvu unaposimama, usiteleze tena. Waite walinzi wakushushe, na uonwe na daktari.

Kwa skii pana, ndiyo, kodi. Zako za mwaka jana huenda zilikuwa na upana wa milimita 75 hadi 85 chini ya buti. Siku ya theluji nene omba za milimita 95 hadi 105, fupi kidogo kuliko kimo chako. Pana zaidi ya hapo zitakusumbua unaporudi kwenye njia ngumu. Omba pia utepe mrefu wa rangi kali wa kufunga kwenye kila skii na kuuchomeka ndani ya suruali, kwa sababu ya ile iliyopotea. Wengi huitafuta skii chini ya mahali walipoishia, ilhali kwa kawaida iko juu, karibu na mahali ilipofunguka, imepita chini ya theluji bila alama. Simama, tazama nyayo zako zilipokatika, panda hadi juu kidogo ya hapo, na ukate theluji kwa fimbo yako ya skii kwa mistari inayokatizana, kila mmoja umbali wa shubiri kutoka mwingine, hadi usikie mgongano. Kuinuka nako kuna ufundi: ukisukuma kwa mkono, mkono huzama hadi begani. Weka fimbo mbili juu ya theluji zipishane kama msalaba, bonyeza zinapokutana, skii zikiwa chini yako na zimekingama kwenye mteremko.

Limebaki la afya, na hili ulianze ukiwa bado Kisumu. Wewe unaishi mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Salt Lake City iko takriban 1,300, na lifti za Brighton na Alta huanzia karibu mita 2,600 na kukupeleka zaidi ya 3,000. Lala mjini kwa siku mbili au tatu kabla ya kupanda, kunywa maji, na ukiumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, shuka. Paka mafuta ya kuzuia jua na usivue miwani, kwani theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale, na ngozi nyeusi haiyalindi macho. Pili, sisi watu wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna seli mundu kwa wingi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila ruhusa ya daktari wake, maana baridi, kiu na hewa nyembamba huweza kuleta maumivu makali. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima na huenda hajui hali yake, lakini akijichosha kwenye mwinuko mkubwa bandama yake huweza kudhurika. Kama hujawahi kupimwa, nenda hospitalini upimwe kabla ya safari. Ukiwa mlimani ukahisi maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, shuka mara moja na uende hospitali.

Bima ya safari uliyonunua isome tena, kwa kuwa nyingi huacha nje michezo ya theluji mpaka uongeze malipo, na gharama za matibabu Marekani ni kubwa mno. Na ukipata homa ukiwa kule, usidhani ni uchovu au mwinuko, kwa sababu mwinuko hauleti homa kali kwa kawaida. Daktari wa Utah huenda asiifikirie malaria hata kidogo. Mwambie mwanzoni kabisa kwamba umetoka Kisumu, na umwombe apime damu yako siku hiyo hiyo.